Mimi Siumwi, Nina Presha Tu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, ingawa nikuambie mapema kwamba mimi si mtu wa kuandikia magazeti, kwa kawaida mimi ndiye ninayeandikiwa, na wazazi wa watoto walioshindwa, nami huwajibu kwa mistari miwili. Mimi ni mwalimu wa hesabu, huu ni mwaka wa ishirini na sita, na ndimi msimamizi wa mitihani shuleni kwetu, na kama una mtoto aliyewahi kuandika majibu kwenye paja au ndani ya soli ya kiatu, basi yeye ananijua hata kama wewe hunijui. Wanafunzi wananiita Darubini. Sikasiriki, jina limenikaa.

Naanza na afya yangu ili usije ukadhani unaandikiwa na mgonjwa. Mimi siumwi, nina presha tu. Waliigundua mwaka jana walipokuja watu wa afya shuleni kupima walimu bure, nikapanga foleni kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa anatuangalia, wakanifunga kile kitambaa mkononi, mashine ikalia, wakanifunga mkono wa pili, wakatazamana, wakaniuliza kama nimetoka kukimbia. Nikawaambia mara ya mwisho kukimbia nilikuwa msichana. Wakaniandikia kliniki. Sasa mshauri, hunioni lakini nikueleze: mimi ni mwembamba, gauni nililoagwa nalo kwetu nikiolewa bado linanitosha, sinywi pombe, sina hasira ila pale inapobidi, napanda hadi ghorofa ya tatu na mafungu mawili ya madaftari bila kutweta, wakati mwalimu wa jiografia, ambaye huwezi kujua shingo yake inaishia wapi na kichwa kinaanzia wapi, alipimwa kwa mashine hiyohiyo akakutwa hana kitu, na hapo ndipo nilipojua kuwa ile mashine ina matatizo yake.

Hata hivyo mimi ni mtu wa sheria. Mwezi wa kwanza nilimeza kidonge kila asubuhi bila kukosa, nikingoja nijisikie vizuri, ila shida ni kwamba nilikuwa najisikia vizuri tangu mwanzo, kwa hiyo sikuona tofauti yoyote isipokuwa kwenda msalani katikati ya kipindi, na darasa la wanafunzi hamsini na wawili si kitu cha kukigeuzia mgongo. Nikajiuliza, hapa namtibu nani? Nikaacha. Isipokuwa siku ninayoisikia inapanda, maana mimi huisikia, sikio la kushoto huvuma na kisogo hushika kidogo, hapo nameza kimoja na mambo yanaisha. Mwili wangu naujua mimi, sio nesi anayenikuta mara moja kwa mwezi.

Tatizo likawa kliniki yenyewe. Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi tunakaa kwenye benchi refu nje, tunaitwa mmoja mmoja, lakini mlango hauna pazia, na nesi wa pale, mwanamke mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, anaisoma namba ya kila mmoja kama anayetangaza matokeo. Ukiwa juu anakugombeza na benchi zima linasikia. Mimi, mshauri, kwa umri wangu na kazi yangu, nigombezwe hadharani kwa kufeli? Basi nikawa najiandaa. Siku tatu kabla ya Alhamisi nameza kila asubuhi, naacha chumvi, nalala mapema, nafika kliniki nusu saa kabla ili moyo utulie, naweka miguu sambamba, sisemi na mtu. Napimwa. Mia thelathini kwa themanini. Mwezi uliofuata vilevile, na uliofuata vilevile, hadi siku moja nesi akanisimamisha mbele ya wenzangu akasema, "Mwangalieni mwalimu! Huyu ndiye mgonjwa wa mfano!" Neno mgonjwa sikulipenda, lakini mfano nililipokea.

Kwenye benchi hilo nilikuwa nakaa na mshonaji mmoja tunayemwita Mama Vifungo, kwa sababu mkoba wake haukosi vifungo vya kila rangi, na ukikaa naye hadi zamu yako ifike lazima akuone mahali palipolegea na apakaze hapohapo, blauzi ikiwa mwilini. Yeye alikuwa anafeli kila mwezi. Mia na tisini. Mia themanini na tano. Nesi anamsomea, na yeye anainamisha kichwa na kukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili. Aliniambia vidonge vinamtia kizunguzungu akiinamia cherehani, kwa hiyo leo anameza, kesho anaacha. Nesi alikuwa ameshamwambia kwamba namba zikiendelea hivi atampeleka kwa daktari abadilishiwe dawa, na Mama Vifungo aliogopa kweli, alidhani daktari ni mtu wa mwisho unayepelekwa kwake. Nikamhurumia. Nikamnong'oneza, "Mama, mbona unajitesa mwezi mzima? Siku tatu zinatosha." Nikamweleza yote, chumvi, usingizi, miguu sambamba.

Mwezi ule akafaulu. Nesi alifurahi kuliko hata alivyofurahi kwangu, akafuta ile habari ya daktari, akasema haina haja tena. Mwezi wa pili akafaulu tena, akanikazia vifungo vyote vya koti hata visivyolegea. Mwezi wa tatu nafasi yake kwenye benchi ilikuwa tupu. Akaja binti yake na kadi mkononi kumweleza nesi kwamba mama ameanguka karibu na cherehani, mdomo umekwenda upande, na mkono wa kulia, ule wa mkasi, hauna nguvu. Alipomaliza akanitafuta. Akasema, "Wewe ndiye mwalimu? Mama anakusalimu. Maneno yake hayatoki vizuri, ila amenituma nikuombe radhi. Anasema hakufuata sawasawa." Nikamwambia asante. Tangu hapo najiambia kwamba pengine angeanguka hata hivyo.

Sasa hilo lingekuwa peke yake ningelibeba. Lakini Jumamosi mume wangu, ambaye ni fundi saa, mtu wa kibano na lenzi jichoni, anayeweza kumaliza asubuhi nzima bila neno, alikuwa anatafuta balbu juu ya kabati akakuta boksi la chaki. Humo ndimo ninamoweka vidonge ninavyobakiza, maana kuvitupa ni dhambi. Niliporudi sokoni nilikuta amevimwaga mezani na kuvipanga kwa kibano, kumi kumi, mistari imenyooka kama gwaride. Vilikuwa mia mbili na tisa. Nilingoja afoke. Akasema tu, "Mke wangu, hizi ni siku," kisha akavirudisha ndani kimoja kimoja. Ameniambia kwamba kama sitamwambia nesi, Alhamisi atalipeleka boksi mwenyewe. Na hiyohiyo Alhamisi, mshauri, nesi ameniomba nisimame mbele ya benchi niwape wenzangu mazungumzo mafupi kuhusu namna nilivyoishinda presha, na baadaye nikamtembelee Mama Vifungo nimtie moyo.

Maswali yangu ni matatu. Je, mume ana haki ya kupekua boksi ambalo si lake? Je, si busara nikimwambia nesi kwamba nimebanwa na mitihani? Na Mama Vifungo, je, kuna ulazima wa kumsumbua na mambo haya katika hali aliyo nayo, ikizingatiwa kwamba nilimsaidia kwa nia njema? Nijibu haraka kidogo, kwa sababu sipati utulivu, sikio limevuma wiki nzima kwa ajili ya jenereta ya jirani, na juzi nikisahihisha nilikuwa naona kila saba ikiwa saba mbili, nimeshaagiza miwani.

Ni mimi,
Darubini


JIBU LA MSHAURI

Mwalimu mwenye afya yako,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, maana unaandika vizuri. Mara ya pili nilipofika kwa yule binti mwenye kadi ya mama yake niliiweka chini, nikatoka nje kidogo. Sasa nimerudi, kaa vizuri. Weka miguu sambamba, unajua namna.

Kwanza hongera. Watu wamesoma miaka na miaka, wamenunua mashine, kumbe kazi yote hiyo ingeweza kufanywa kwa kutazama shingo ya mwalimu wa jiografia. Mnene anayo, mwembamba hana, na mashine ikisema vinginevyo mashine ndiyo mgonjwa. Wanafunzi wako wakipata jibu wasilolipenda wakasema rula ni mbovu, huwa unawapa alama ngapi?

Na sikio lako nalisifu pia. Likivuma ni presha. Lisipovuma hakuna presha. Likivuma wiki nzima ni jenereta. Chombo cha namna hiyo hata mimi nakitaka, kinachonisomea kile ninachopenda kusikia. Dada yangu, hukuisikia presha yako siku ile shuleni. Ulikuwa umekaa pale mzima, huna hata jasho, na wale watu wakakufunga kitambaa mara mbili kwa sababu hawakuamini macho yao. Hiyo ndiyo tabia yake. Haibishi hodi. Mtu anaweza kukaa nayo miaka akiimba, akifundisha, akipanda ghorofa na madaftari, na kila mwaka anaomaliza bila kuanguka anauhesabu kuwa ushahidi.

Nilikuwa na kaka. Alisema maneno yaleyale yako, siumwi, nina presha tu, tena akicheka. Alikuwa mzima Jumatatu, mzima Jumanne, na Jumatano alikuwa mzima hadi saa nne asubuhi alipoinama kufunga kamba za viatu. Tukamzika na afya yake yote. Kwa hiyo ukiona nimekuwa mkali, ujue si wewe peke yako ninayemgombeza hapa, yupo na mwingine ambaye sikumgombeza vya kutosha.

Turudi kwenye mitihani, mahali unapopaelewa. Ile mia thelathini kwa themanini unayojivunia si yako. Ni ya mwanamke mwingine anayeishi siku tatu kila mwezi, hali chumvi, analala mapema na wala hasemi na mtu. Huyo ana afya nzuri, namuonea wivu. Siku ishirini na saba zinazobaki, hakuna anayejua wewe unaishi na namba gani, si nesi, si mumeo, na wewe mwenyewe ndiye unayejua kidogo kuliko wote. Mtoto akikuletea kazi aliyofanyiwa na dada yake unamjua kwa mwandiko. Wewe umejifanyia mwenyewe, ukajisahihishia, ukajipigia makofi. Miaka ishirini na sita ya kukagua mapaja ya watoto wa watu, na boksi la chaki liko juu ya kabati lako!

Nesi naye kama anasoma gazeti hili, nina neno lake. Mama, weka pazia. Ukimwaibisha mtu kwa sababu ya namba, hatajifunza kujitibu, atajifunza kutengeneza namba, na wewe utafurahi hadi siku utakapoletewa kadi na binti yake. Hilo ni lake. Wewe, Darubini, usije ukajificha nyuma ya pazia ambalo unaniambia mwenyewe halipo.

Maswali yako. Mumeo ana haki? Mtu alikuwa anatafuta balbu, akakuta siku mia mbili na tisa za mke wake zimefungiwa kwenye boksi. Hakufoka, hakuita ndugu, alikupangia mstari kwa mstari ili uone kwa macho yako, halafu wewe unauliza kuhusu boksi ni la nani. Wanawake wanaoniandikia kila wiki wana waume wasiojua hata kama wake zao wana kadi ya kliniki. Huyo wako muombe radhi, na balbu mnunulie wewe.

Kubanwa na mitihani, hapana. Huo ni uongo wa mwanafunzi wa darasa la nne, nami naona aibu kwa niaba yako kuusoma.

Sasa Mama Vifungo. Hapa nitaacha mzaha, na kama uliona nimekuwa mkali hadi sasa, samahani, nilikuwa bado sijaanza. Unasema ulimsaidia kwa nia njema. Mwalimu, nia njema haishushi presha. Yule mama alikuwa anafeli, ndiyo, na kufeli kwake ndiko kulikokuwa kunampeleka kwa daktari. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja, pengine wiki chache, akaonwe na mtu ambaye angempa kidonge kisichomzungusha kichwa akiinamia cherehani. Ukamfundisha kufaulu. Nesi akaona namba nzuri, akafuta safari. Sijui kama angeanguka hata hivyo. Wewe hujui. Hakuna atakayejua, na hilo ndilo utakalokuwa unalala nalo. Wahenga walituambia mficha maradhi kilio kitamfichua, ila sidhani kama walimfikiria mtu atakayeficha ya kwake na kilio kikaenda kuangukia nyumba ya mwenzake.

Haya, chukua kalamu, maana najua unapenda maelekezo yaliyonyooka.

Usingoje Alhamisi. Gazeti hili likikufikia asubuhi, ondoka asubuhi hiyohiyo, na mumeo akusindikize. Hata kabla hujamwamkia nesi, mwambie kwamba sikio limevuma wiki nzima na unaona saba zikiwa mbili. Miwani itasubiri. Hilo la kuona vitu viwili viwili si la fundi miwani mpaka aliyesomea aseme ni la fundi miwani. Pimwa ulivyo, bila maandalizi, bila siku tatu, na namba itakayotoka uitazame, hiyo ndiyo yako. Boksi nenda nalo, limwage juu ya meza yake. Na tafadhali, nawajua watu wa namna yako wanavyopenda kufidia vipindi vilivyopotea: usimeze viwili viwili ili ulipe vya nyuma. Hizo siku zimekwenda. Utameza utakachoambiwa, kila siku, ukijisikia mgonjwa na ukijisikia mzima, na hasa ukijisikia mzima. Kama kidonge kinakutoa darasani, sema. Dawa ziko za namna nyingi, na saa za kumeza zinapangika. Hayo ulipaswa kuyasema mwezi wa kwanza, lakini ulikwenda kujishughulisha na kuwa mfano.

Alhamisi, hotuba usiikatae. Simama mbele ya benchi, na namba zako za kweli zikiwa zimeandikwa kwenye kadi, uwaambie wenzako ulichofanya. Wapo wengine kwenye benchi hilo wenye siku tatu zao, nakuhakikishia, wewe si mvumbuzi wa kitu. Watakapokusikia watatazama chini, kama wanavyotazama chini watoto wako, nawe utawajua mmoja mmoja. Jina lako si Darubini bure. Ila safari hii usimkamate mtu. Kaa karibu naye umuulize kidonge kinamfanya nini.

Na kabla ya hotuba, kabla ya yote hayo isipokuwa kupimwa kwako, nenda kwa mshonaji. Usiende kumtia moyo, moyo anao, ndio uliokukazia vifungo vyako vyote. Usimpelekee matunda na pole za jumla. Keti upande ambao mkono wake una nguvu, binti yake awepo asikie, kwa sababu yeye ndiye atakayempeleka kwa daktari na ni lazima daktari ajue vidonge vilimezwa lini na lini havikumezwa. Maneno yake hayatoki vizuri, kwa hiyo usimkatize. Yule mama amelala pale, nusu ya mwili haimtii, na bado amepata nguvu ya kumtuma mtoto aje akuombe radhi wewe, kwamba alikosea mahali fulani, pengine chumvi, pengine miguu. Kila akiamka anatafuta kosa lake.

Mwambie hana kosa. Mwambie alifuata sawasawa.